Vita vya Kifuniko Kilichogoma Mbele ya Afisa wa Kodi

Sogeeni, enyi mliokalia ndoo na enyi mliokaliwa na madeni. Sogeeni nanyi mlioahidi kulipa kodi mwezi ujao, mwezi ujao ukaja, ukapita, ukiwatazama tu. Watulizeni watoto, zimeni redio, na aliye na karanga azitafune mbali na sikio langu, maana habari ninayoileta haitaki kelele. Nataka kuwasimulia Fundi Taratibu, simba wa karakana, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, mume wa mke mmoja na mkwe wa mama mkwe mmoja anayetosha kwa watatu. Jinsi alivyoinuka Jumanne moja, kabla ya chai ya saa nne, akaingia vitani na kifuniko cha ndoo, na jinsi historia ya kiwanda chetu ilivyogeuza shingo ikamtazama.

Basi, palikuwa na kiwanda cha ndoo za plastiki. Paa la bati, mashine tatu zinazonguruma kama wazee waliolala mchana, na joto la kumtoa nyoka pangoni. Tulitengeneza ndoo nyekundu, ndoo za bluu, na ndoo za rangi moja isiyo na jina, ambayo hutokea yenyewe chakavu kikizidi. Ndoo zetu zilisifika kila soko. Vifuniko vyake vililaaniwa kila jiko. Vilikuwa vya aina mbili tu: vile vinavyovuja ukivitazama vibaya, na vile visivyofunguka mpaka uite jirani, naye aje na mwanawe.

Mwenye kiwanda aliitwa Mama Ndoo, malkia wa plastiki, mwanamke wa bangili nyingi zinazofika mahali kabla yake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka baada ya mwaka Fundi Taratibu alikwenda mbele yake, kofia mkononi, akanena: "Mama, nipe mashine ya kwanza asubuhi moja tu kwa wiki. Nichonge kalibu mpya, nijaribu kifuniko kisichovuja na kinachofunguka." Kalibu, kwa asiyejua, ni kile chuma kinachoipa plastiki umbo lake, kama chungu kinavyoupa ugali umbo lake.

Na mwaka baada ya mwaka Mama Ndoo alijibu: "Fundi, mashine ikisimama, nani atakula? Anayelalamikia kifuniko bado ananunua ndoo. Akiacha kununua, ndipo uje tuzungumze."

Hapo Taratibu hurudi kwenye kazi yake ya kukwangua kingo za ndoo, kimya, huku kifuniko cha ndoto zake kikimzunguka kichwani kama nzi.

Ndipo serikali, kwa ile hekima ambayo huwa haituambii imetoka wapi, ikatunga sheria mpya: kampuni itakayotumia fedha kutafuta kitu kipya itapunguziwa kodi ya faida yake. Habari hizo zilimfikia Mhasibu wetu akiwa ameketi. Alizisoma akasimama. Alizirudia akaketi tena, kwa furaha. Mhasibu huyu alikuwa kijana wa tai, jemadari wa kujumlisha, mtu aliyeweza kupata faida hata kwenye msiba. Alikwenda mbio kwa Mama Ndoo, na kufumba na kufumbua, kiwanda kizima kilianza kufanya utafiti bila mtu yeyote kutafuta chochote.

Stoo ikaitwa Idara ya Utafiti na Ubunifu. Mapazia mapya yakawa ya utafiti. Kiyoyozi kikawa cha utafiti. Gari la Mama Ndoo, jeupe, linalonukia waridi, likawa gari la utafiti. Mlinzi wa getini, pande la mtu tuliyemwita Baunsa, akaamka amekuwa Msaidizi wa Utafiti, Kitengo cha Lango, bila nyongeza ya mshahara. Kikaitishwa kikao cha kumchagua Mkuu wa Idara, na kwa kuwa kila aliyekuwepo alikataa, akachaguliwa asiyekuwepo. Fundi Taratibu alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Alirudi shavu limevimba, akakuta tayari yeye ni mkuu.

Lakini sikilizeni ujanja wa Mungu. Chumba cha utafiti hakiwezi kukaa kitupu. Jicho la mgeni likiingia, lazima likute kitu. Basi Mama Ndoo, kwa shingo upande, akamruhusu Taratibu aitumie mashine ya tatu, ile kongwe, wakati wenzake wanakula mchana. Hila ikabeba mimba, ikazaa kweli. Yule mtu akaacha kula. Akachonga kalibu, akamimina plastiki, kikatoka kifuniko kimejikunja kama sikio la mbwa. Akachonga tena, kikatoka kinachovuja. Akachonga tena, kikapasuka. Alikwenda nyumbani vidole vimeungua, na njia nzima anapiga mluzi. Mkewe akaanza kuuliza maswali.

Kisha ikaja barua fupi: Afisa wa Kodi atafika Jumanne kuuona utafiti kwa macho yake.

Mama Ndoo akamwita Taratibu, akamwambia bila kuzunguka: "Akitukubalia, idara inabaki na wewe unabaki nayo. Akitukatalia, mapazia nayapeleka nyumbani, kalibu zako nazipeleka kwa wauza chuma, na wewe unarudi kukwangua kingo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," akasema, na shavu lake likavimba upya ingawa jino halikuwepo.

Jumatatu, Mhasibu akatangaza usafi mkuu. Akaazima makoti meupe kwa kinyozi wa jirani, yakaja na nywele za wateja. Akapiga deki mwenyewe. Kisha akaona, kwenye kona ya idara, lundo la vifuniko vilivyokunjamana, vilivyopasuka na vilivyovuja, kazi yote ya Taratibu ya miezi ile, na uso wake ukakunjamana kuliko vyote.

"Kiongozi, hii nini?"

"Hivyo ndivyo nilivyojaribu."

"Vyote vibaya?"

"Vyote. Kila kimoja na ubaya wake."

"Kiongozi wangu," Mhasibu akamwekea mkono begani, "mgeni akija kwako, unamwandalia sahani nzima au unamwonyesha zilizovunjika?" Na kabla Fundi hajapata jibu, lundo lilikuwa limetiwa kwenye kinu cha kusagia chakavu, likawa chembechembe za rangi ile isiyo na jina. Mahali pake pakawekwa meza, kitambaa cheupe, na juu yake kifuniko cha kawaida kilichopakwa mafuta ya nywele ili king'ae.

Jumanne ikapambazuka. Afisa wa Kodi akashuka kwenye teksi: mwanamke mwembamba, viatu vya chini, chupa ya maji mkononi, na macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa na watu hodari kuliko sisi. Alianzia getini.

"Wewe ndiye Msaidizi wa Utafiti?"

Baunsa akapiga saluti. "Ndiyo, afande."

"Unatafiti nini?"

"Wanaoingia, afande. Na wanaotoka, kama muda upo."

Akaingia ndani. Tukajipanga na makoti yetu, tunajikuna nywele za watu tusiowajua. Afisa akatazama juu. "Hiki kiyoyozi kinatafiti nini?"

"Baridi," Mhasibu akasema, kisha akaonekana kama mtu anayetamani ardhi ifanye haraka.

Afisa akafika mezani. Akakichukua kile kifuniko cha mafuta, kikamponyoka, akakidaka, akakijaribu kwenye ndoo. Kikafunga, kikafunguka. "Kizuri. Kinauzwa?"

"Sana, Mheshimiwa," Mama Ndoo akasema kwa fahari.

"Tangu lini?"

"Oo, miaka."

"Basi hii ni bidhaa, si utafiti. Sheria haimpi mtu nafuu kwa jambo analolijua tayari. Nionyesheni kilichokataa."

Mhasibu, shujaa wa maangamizi yake mwenyewe, akajivuta mbele: "Mheshimiwa, sisi hapa hatushindwi."

"Kama hamshindwi, mnatafuta nini?" Afisa akavuta kiti. "Nitapitia makaratasi yenu mpaka saa nne. Kikipatikana kimoja kilichokataa, niiteni. Kisipopatikana, nitaandika kwamba hapa pana mapazia mazuri."

Ee ulimi wangu, sasa usinitie aibu. Mwimbie Taratibu katika saa yake ya giza, aliposimama mbele ya kinu cha chakavu, akatia mkono, akatoa konzi ya chembechembe, akazitazama kama mtu anayetazama majivu ya nyumba yake. Zilikuwa kazi zake zote, na hakuna hata moja iliyobaki na umbo. Akazimwaga. Ndipo kumbukumbu ikamchoma kama sindano ya mashine: Ijumaa alitoa kifuniko kimoja, kinene, cha ukingo mpya, na kabla hajakijaribu, mama mkwe wake alikichukua.

Maana mama mkwe wa Fundi Taratibu ndiye aliyekuwa mpika chai wa kiwanda, na kwa heshima ya Fundi sote tulimwita Mama Mkwe, hata sisi wenye mama wakwe wetu. Sisimizi walikuwa wamevamia sukari. Akataka kifuniko imara, akajichukulia, akakikandamiza juu ya ndoo ya sukari, na tangu Ijumaa ile hakuna binadamu aliyeonja chai tamu.

Taratibu akakimbia. Ndugu zangu, yule mtu hakuwahi kukimbia. Jina lake mnalijua. Alivuka uwanja, akaruka bomba, akafika jikoni, na alichokiona kikamsimamisha moyo. Ndoo ya sukari ilikuwa mezani. Juu ya moto, kisu kikubwa kilikuwa kimelazwa, kimeanza kuwa chekundu. Mama Mkwe alikuwa akifunga kitambaa mkononi, kama daktari.

Sasa fikirieni taabu ya shujaa. Angekuwa adui, angemrukia. Lakini huyu ni mzazi wa mke wake, na mkwe hamkimbilii mama mkwe bila salamu hata nyumba ikiwaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Na wajukuu?"

"Hawajambo wote, mama, ila kisu..."

"Na lile jino?"

"Lilitoka salama. Mama, kisu."

"Kisu hakijambo, kinapata moto." Akakigeuza upande wa pili.

"Mama, nakuomba usikikate hicho kifuniko."

Mama Mkwe akamgeukia polepole. "Mkwe wangu. Tangu Ijumaa watu wanakunywa chai chungu, wananiangalia kama mimi ndiye niliyemwua nyuki. Nimekivuta kwa mikono. Nimekivuta kwa meno, tena ya kwangu mwenyewe. Nimekaa juu yake nikalia. Ulitengeneza kifuniko au ulitengeneza kaburi?"

"Kimekataa kabisa?" Taratibu akauliza, na mama mkwe wake akashangaa kuona uso wa mkwewe unang'aa.

"Unachekelea?"

"Mama, serikali inakihitaji."

"Serikali inataka sukari yangu?"

"Inataka kifuniko. Kwa sababu ni kibovu."

"Nimeishi sana, mwanangu. Sijaona serikali inakuja kutafuta kibovu. Kawaida inatuletea."

Taratibu akapiga goti kwenye sakafu yenye majani ya chai, akanena maneno ambayo mpaka leo mafundi huyarudia wakati wa mchana: "Mama, kikikatwa hiki, kazi yangu yote imekatwa. Nitarudi kukwangua kingo mpaka nizeeke, na binti yako ataishi na mtu anayewaza vifuniko asivyoweza kuvitengeneza. Unakumbuka nilivyokuwa mwaka jana?"

Mama Mkwe akakumbuka. Alikumbuka vizuri, chakula cha jioni na mtu yule kilikuwa kama kula na ukuta. Akakiondoa kisu motoni. "Sawa. Lakini ndoo naibeba mwenyewe. Sukari yangu haiendi ofisini bila mlezi."

Ukaondoka msafara. Mbele Taratibu, katikati Mama Mkwe na ndoo ameikumbatia kama mtoto mchanga, nyuma sisi wa makoti. Baunsa akatuona, akakunja mikono ya shati. "Mama, leta, mimi naifungua sekunde moja tu."

"Usiguse," tukasema watu wazima wote kwa pamoja, na yule jitu akarudi nyuma, machozi yakimlengalenga, maana nguvu zake zilikuwa hazijawahi kukataliwa.

Ndoo ikawekwa mbele ya Afisa. Akaitazama. Akavuta, haikwenda. Akageuza, haikwenda. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza, na tabasamu lile likatuingiza baridi kuliko kiyoyozi. "Ndoo zenu nyumbani tunazo. Nimekua nazo. Naomba kijiko."

Laiti mngetuona. Sisi tuliokuwa tukiomba kila siku vifuniko vyetu vifunguke, saa ile tuliomba kimoja tu kisifunguke. Mhasibu alifumba macho. Mama Ndoo alishika bangili zake zisilie. Afisa akachomeka mpini wa kijiko chini ya ukingo, kama anavyofanya kila mwenye nyumba mwenye uzoefu, akaegemea. Kifuniko kikatoa sauti. Tukafa kidogo. Akaegemea tena kwa bega, kisha kwa bega na kiuno, kisha kwa vyote alivyopewa na wazazi wake. Kifuniko kikakaa kimya kama shahidi aliyehongwa. Ndipo kijiko, askari mwaminifu, kikainamisha kichwa, kikapinda, kikalala.

"Kijiko kimepinda," Afisa akasema, anahema.

"Hongera," Mama Mkwe akamjibu. "Kwangu mimi ni jino."

Afisa akajifuta jasho, akamgeukia Mkuu wa Idara. "Wewe ndiye uliyekitengeneza? Niambie, kwa nini kimegoma?"

Hapa, wasikilizaji, ndipo tendo lenyewe lilipo. Hayo mengine yalikuwa ni mwendo tu. Nyuma ya Afisa, Mhasibu alisimama akitoa ishara kwa mikono yote miwili: sema unajua, sema tulikusudia, sema chochote. Katika kiwanda chetu hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno lile mbele ya mkubwa. Ukiulizwa na Mama Ndoo kwa nini mashine imezima, unasema umeme, unasema vumbi, unasema shetani, lakini neno lile husemi. Taratibu akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Sijui," akasema.

Mhasibu akaketi juu ya ndoo iliyokuwa karibu.

"Nilidhani ni unene wa ukingo," Fundi akaendelea, na sasa alikuwa haongei na Afisa, alikuwa anaongea na kifuniko. "Nikaupunguza kwenye kile cha kabla yake, kikavuja. Nikauongeza kidogo tu, kikawa hivi. Huenda kinapopoa kinajikaza na kung'ata. Huenda mashine ya tatu inakipoza vibaya. Ningekuwa na mashine ya kwanza ningejua ni kipi kati ya hivyo. Sina. Kwa hiyo sijui."

Afisa akafungua kalamu. "Huu ndio utafiti. Plastiki iliyokwenda kwenye majaribio haya, saa za mashine na mshahara wa fundi kwa kazi hii, nakubali. Kiyoyozi, hapana. Mapazia, hapana. Huyu wa getini arudi kuwa mlinzi. Gari," akachungulia dirishani, harufu ya waridi ikamfikia, "kuhusu gari tusizungumze, mama, nakuheshimu. Na siku nyingine msisage mlichoshindwa. Hicho ndicho mnacholipiwa."

Uso wa Mama Ndoo ulikuwa umeshuka lilipotajwa gari, ukabaki huko chini. Tukajua idara imekwisha. Nafuu iliyobaki ilikuwa kitone. Kwa kitone hakuna mwenye kiwanda anayefuga chumba. Taratibu naye alijua; alikuwa ameanza kuvua koti. Lakini mwanamke wa hesabu ni mwanamke wa hesabu. Midomo yake ikaanza kucheza. Bangili zikalia moja, zikalia mbili.

"Afisa, nielimishe. Huyu akijaribu mara nyingi zaidi, nafuu inaongezeka?"

"Akijaribu kweli, inaongezeka."

"Hata akishindwa?"

"Akishindwa au akifaulu, sheria haijali. Inajali kwamba ametafuta."

"Kwa hiyo mashine ya kwanza ikisimama kwa ajili yake, si kwamba imesimama bure."

"Si bure, mama."

Mama Ndoo akavuta pumzi ya miaka yote ile aliyokuwa akisema hapana. "Taratibu, vaa koti. Ile asubuhi uliyokuwa unaniomba."

"Ndiyo, mama."

"Alhamisi. Mashine ya kwanza, tangu kufungua mpaka chakula cha mchana. Kila wiki." Kisha akamnyoshea kidole chenye pete. "Na usije ukanifaulu haraka."

Afisa akaondoka na teksi yake. Kuhusu sukari, Fundi alikataa katakata kifuniko kisikatwe, akisema bado hajamalizana nacho. Basi Mama Mkwe akaigeuza ndoo juu chini, akaitoboa matako kwa kisu cha moto, na saa nne ikanyweka chai tamu.

Alhamisi ilipofika, mashine ya kwanza ikaacha ndoo za kawaida kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Sote tuliacha kazi tukaja kusimama, hata Mhasibu, ambaye sasa alikuwa na begi la kuokotea vifuniko vibovu asilompa mtu kulishika. Taratibu akafunga kalibu, akamimina, akasubiri, akafungua. Kifuniko kikatoka, kikaanguka sakafuni, kikagawanyika vipande viwili safi.

Basi na isimuliwe kwa wajukuu wa wenye ndoo, na isemwe masokoni na kwenye foleni za maji, kwamba siku ile kiwanda kizima kilipiga vigelegele kwa sababu kitu kimevunjika. Kwamba Mama Ndoo aliongoza, bangili juu. Na kwamba Fundi Taratibu, mshindi wa kijiko, mtu wa kwanza katika ukoo wetu wa plastiki kupewa mashine kwa kusema hajui, hakusikia hata kigelegele kimoja. Alikuwa ameinama, ameokota vile vipande viwili, anavitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Enhee," akasema.